Mgongo wa ukurasa wa tano

Mama kanambia neno Jumamosi, na leo Alkhamis bado ninalo. Nimelala nalo, nimepanda nalo gari la abiria, nimekaa nalo ofisini mbele ya faili ambalo nimelifungua mara nne bila ya kusoma hata mstari.

Mnalijua kabati la Mama, lile la vioo, lenye sahani za maua ambazo tangu nipate akili sijaona mtu akilia wali. Jumapili wageni wa posa walikuwa wanakuja kwa mdogo wetu (wamekuja, wamekula, wamejibiwa ndiyo, alhamdulillahi, tarehe bado), kwa hiyo Jumamosi ilikuwa siku ya kulishusha kabati lote na kusugua. Juu ya rafu ya pili, chini ya sahani, palitandikwa gazeti. Limegeuka rangi ya chai ya maziwa, mende wametoboa pembe zote mbili, lakini tarehe inasomeka: Jumatatu, 11 Januari 2010.

Basi kazi ikaishia hapo. Nilikaa sakafuni na kitambaa cha kupangusia mkononi, nikaanza kuwasomea.

Wallahi, nchi hii watu wametakiwa! Wakulima watakiwa. Vijana waaswa. Wazazi wahimizwa. Wafanyabiashara waonywa, halafu ukurasa wa pili haohao wakapongezwa, sijui walijirekebisha usiku. Nilihesabu "watakiwa" saba kabla sijafika kwenye michezo. Katika vichwa vyote vile hamna hata kimoja kilichorudi kusema: waliotakiwa wiki iliyopita wametii. Siku ya pili yake ilikuwa Mapinduzi, miaka 46, kwa hiyo kila jambo lilikuwa linakamilika, limekamilika au liko mbioni kukamilika.

Mdogo wangu, mposwa mwenyewe, akadakia kutoka jikoni: "Bibi harusi mtarajiwa ataka kabati limalizwe!" Nikamjibu: "Dada mkubwa asema suala hilo linashughulikiwa." Mama akatoka uwani na ufagio: "Wavivu wa nyumba hii waonywa kwa mara ya mwisho." Tukacheka hadi nikaegemea ukuta.

Michezo ndiyo ilinimaliza. Jumapili ile, tarehe 10, ilifunguliwa Kombe la Mataifa ya Afrika huko Angola, wenyeji na Mali. Na nyinyi wa mjini mnakumbuka hali yetu: tangu tarehe 10 Disemba kisiwa kizima cha Unguja kilikuwa gizani, waya wa chini ya bahari ule unaotoka Ras Kiromoni kuja Fumba umetushinda, na umeme hatukuuona tena mpaka Machi. Baba mdogo wa Wete alikuwa akipiga simu kila Ijumaa kutupa pole kwa sauti ya mtu anayejizuia kucheka, maana Pemba wakati ule hawakuwa na waya wa baharini. Walikuwa na jenereta zao za dizeli Wesha, ambazo miaka yote sisi tulizicheka.

Kaka alikwenda kutazama mechi kwa jirani mwenye jenereta. Dakika ya 75 Angola nne, Mali bila. Mwenye nyumba akaangalia petroli yake, akaangalia ubao, akasema mechi imekwisha, akazima. Kaka akarudi kwa tochi, akalala. Asubuhi akawekeana na wenzake maskani maboflo matano kwamba Angola kashinda, tena akawacheka wanaobisha. Mali walirejesha yote manne, la kwanza dakika ya 79, mawili ya mwisho katika dakika za nyongeza. Nne kwa nne. Baba, Mungu amrehemu, alimgombeza mara mbili: mara ya kwanza kwa kucheza kamari, ya pili kwa kuiamini jenereta ya mtu.

Nikafungua ukurasa wa tano. Picha kubwa, nyeusi na nyeupe, wanawake kwenye foleni ya maji, kwa sababu umeme ukikatika na pampu nazo kwaheri. Ndoo, madumu ya manjano (nasema manjano kwa kuyajua, picha haioneshi), kanga kichwani. Watu kama kumi na tano, wengi wametoa mgongo. Mama akainama, akanyoosha kidole chenye sabuni kwa mmoja karibu na mwisho wa foleni.

"Huyu mimi."

Nikacheka. Bado nilikuwa katika mzaha wa "watakiwa". Nikasema: "Mama nawe! Huyu kageuka. Mgongo tu huu, anaweza kuwa mtu yeyote."

Akanitazama kidogo. Akasema, wala hakupaza sauti: "Mgongo wangu wewe utaujulia wapi? Uliukalia, hukuutazama."

Akachukua ufagio wake akarudi uwani.

Ndiyo hilo. Mdogo wangu anasema Mama kafanya masihara kama sote tulivyokuwa tukifanya, na kwamba mimi nimezidi. Pengine. Lakini tangu siku ile natunga majibu. La Jumapili, wakati namimina sharubati ya ukwaju kwa wageni: "Nitazame sasa, basi, geuka." Baya, la utovu wa adabu. La Jumatatu: "Kweli Mama, ni wewe, ona jina la kanga." Uongo, kanga haisomeki. La Jumanne lilikuwa refu, lina samahani ndani yake, nikalisahau nilipofika kituoni.

Maana Januari ile mimi sikuwapo. Nilikuwa chuo Dar es Salaam, naoga maji ya bomba, natazama mechi hiyohiyo ya Angola na Mali hadi filimbi ya mwisho. Nilikuwa nikipiga simu nyumbani nikikuta imezimwa, naudhika. Nilipoipata siku moja nilimwambia Mama awe anaichaji mapema. Naikumbuka sauti yangu nikimwambia. Hakunijibu kwamba kuchaji ni kulipa, na kwamba dukani kwenye jenereta nako kuna foleni. Alisema: "Haya mwanangu." Na mimi nikaendelea kumhadithia chakula cha bwenini.

Gazeti nimelichukua, Mama hajui. Nimeipiga picha ile kwa simu, nikaikuza, nikaikuza, mpaka mgongo ukawa vitone vyeusi visivyo na maana. Jana nikampigia kaka, nikamuuliza kama Mama alikuwa akiteka kwenye bomba kama lile. Akasema hapana, akikumbuka vizuri walikuwa wakichota kisima cha msikitini, yeye ndoo mbili, Mama ndoo mbili na moja ya kichwani, alfajiri na baada ya laasiri. Kwa hiyo huenda kweli siye. Nilifurahi kwa muda wa kama nusu dakika hivi, nikajiona nimeshinda. Halafu kaka akaniuliza nataka kumthibitishia nani, nikasema mtandao unakatika.

Rafu ya pili nimeitandika karatasi mpya ya maua ya dukani. Inateleza, sahani zote zimesogea upande mmoja, na Mama kashaiona.

Halafu kuna huyu kuku. Kaatamia mayai kumi na moja, nimehesabu kwa kalenda, leo siku ya 23, na hakuna yai lililotoboka hata moja. Hainuki, hali, ukimsogelea anajitutumua. Sijui nimwondoe au nimwache mpaka Jumamosi.