Linatoka, limetoka, halijatoka: nilivyoelewa zamu kwenye mapigano ya mezani

Zimwi la tatu lilipompita dada mlangoni, mchezo wetu wa mezani, wa kusimulia na kuigiza wahusika, ulisimama karibu nusu saa. Mimi ndiye niliyekuwa naendesha, na nilikuwa nimesema hivi: "Zimwi limetoka ukumbini, limekimbilia ngazini." Dada, mpiganaji wetu, akainua mkono. "Ngoja kwanza. Limepitaje mbele yangu na panga ninalo?" Alikuwa na haki, kwa sababu kanuni inampa pigo adui anapomponyoka. Nikamwambia apige. Akaingiza mkono kwenye mfuko wetu wa namba 1 hadi 20, akatoa 17, pigo likaingia, zimwi likafa. Tukashangilia. Ndipo mdogo wangu, aliyekuwa kimya muda wote, akauliza: "Kaka, limefia wapi? Kama limefia ngazini, dada kalifikiaje? Na kama limefia mlangoni, mbona umesema limeshatoka?"

Halikuwa swali la ubishi. Ngazini palikuwa na kamba ya kengele, na zimwi likiiangukia, walinzi wote wa ngome wanaamka. Kufia hapa au pale kulikuwa na uzito wa mchezo mzima. Nilipekua kanuni kwenye simu, shemeji akapekua kwenye ya kwake, kila mmoja akasoma mstari tofauti. Tukaahirisha. Nilirudi nyumbani nimeudhika sana, maana nilikuwa nimeendesha mchezo huo miezi kadhaa nikiamini naujua.

Mchezo wenyewe ni Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Kila mchezaji anabeba mhusika wake, mwendeshaji anabeba dunia nzima iliyobaki. Sisi tunatumia kanuni za toleo la tano la mwaka 2014, kwa kuwa tangu 2023 kanuni zake za msingi zinapatikana kwa leseni huria na mtu anazipakua bure. Dadu lenye pande 20 sijawahi kuliona likiuzwa hapa Kigoma, kwa hiyo tuliandika namba 1 hadi 20 kwenye vizibo vya soda tukavitia kwenye mfuko wa kitambaa. Unachomoa kimoja, unasoma, unakirudisha. Ubao wetu ni boksi lililokatwa na kuchorwa miraba, kila mraba ukiwa futi 5.

Tunakutana Ujiji, barazani kwa dada, na ratiba yetu inapangwa na mwezi. Shemeji yuko kwenye dagaa kule Kibirizi, na dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti kitu, mitumbwi inapumzika, na shemeji anakuwa huru. Yeye ndiye anayecheza yule anayetumia nguvu za kichawi, ingawa alikataa katakata kuitwa mchawi. Nilimwelewa, huku kwetu neno hilo si la kuchezea. Tukamwita mjuzi. Dada ni mpiganaji, mdogo wangu wa kidato cha nne ni mnyemelezi, na jirani yetu, mwalimu wa hisabati, ni kuhani.

Nadhani kilichonichelewesha kuelewa ni bao. Nimekulia kwenye bao. Kwenye bao unapocheza, mwenzako anatazama tu. Unasambaza kete, unakula, unaendelea, hadi kete ya mwisho iangukie shimo tupu na wewe ulale. Kabla hujalala, hakuna anayegusa kitu. Zamu ni mali ya mtu mmoja. Nami nikaichukua akili hiyo nikaipeleka kwenye mapigano ya mezani: zamu ya zimwi ni ya zimwi, likimaliza ndipo wengine waseme.

Kumbe zamu za mchezo huu ni kitu kingine kabisa. Raundi moja, yaani wote mmekwisha kucheza mara moja, inawakilisha sekunde 6 hivi. Si sekunde 6 kwa kila mtu, la hasha; ni sekunde zile zile 6 kwa wote. Dada anapokata panga, shemeji anapokariri maneno yake na zimwi linapokimbia, vyote vinatokea pamoja, ila mdomo wa mwendeshaji hauwezi kusimulia mambo matano kwa mpigo. Ndiyo maana mwanzoni kila mtu huchomoa namba, huongeza wepesi wake, na mwenye kubwa huanza. Foleni hiyo ni ya kusimulia tu. Kwenye zamu yako unatembea, unafanya kitendo kimoja, na ukiwa na uwezo maalumu unaongeza kitendo kidogo cha ziada. Lakini mapigano hayasimami ukiwa kwenye foleni. Una mwitikio mmoja, kama lile pigo la dada mlangoni, ambao unaweza kuutumia hata katikati ya zamu ya mwingine.

Katikati. Hapo ndipo akili yangu ya bao ilipogoma. Siku moja nimekaa na baba mdogo, anatazama kwenye simu kipande cha kikao cha Bunge. Mbunge anachangia kwa kasi, mara sauti inatoka nyuma: "Taarifa, Mheshimiwa Mwenyekiti!" Aliyekuwa anasema akakaa. Taarifa ikatolewa. Akaulizwa kama anaipokea, akajibu, kisha akaendelea na mchango wake pale pale alipoachia. Nilimwomba baba mdogo arudishe nyuma nitazame tena. Kanuni ya mwitikio inasema vivyo hivyo: ukikatiza zamu ya mwingine, zamu yake haifi, anaiendeleza mara baada ya mwitikio wako. Kama bado yu hai, bila shaka.

Hapo nikawa nimejua kwamba mtu anaweza kukatizwa. Nilichobaki sijui ni anakatizwa wapi hasa, na hilo ndilo mdogo wangu alilokuwa ameuliza.

Nikakaa na kanuni jioni tatu mfululizo, nikawa nazitafsiri kwa Kiswahili kwenye daftari la shule. Katika kutafsiri ndipo nilipofunguka macho, kwa sababu Kiswahili hakikuruhusu nipite juu juu. Kila kitenzi kilinidai: ni -na-, ni -me-, au ni -ja-?

Pigo la dada la mlangoni ni la -na-. Kanuni inasema linatokea kabla tu adui hajatoka kwenye eneo ambalo silaha yako inafika. Kwa hiyo zimwi *linatoka*, bado halijatoka. Linapigwa likiwa kwenye mraba wa mwisho karibu na dada, na likifa linafia hapo. Mlangoni. Kamba ya kengele haiguswi. Kosa langu lilikuwa kusema "limetoka", maana nilipotamka -me- nilikuwa nimeshamnyang'anya dada nafasi yake, halafu nikamrudishia pigo kwa huruma.

Ngao, nguvu ya mjuzi ya kujikinga, iko mahali pengine kidogo. Shemeji anaweza kuita Ngao shambulio *likishampata*, yaani namba imeshatoka na imefikia au kuzidi kinga yake (namba ambayo shambulio lazima liifikie ili limpate), lakini *hajaumia*. Ngao inampa nyongeza ya 5 kwenye kinga hadi zamu yake ijayo ianze, na nyongeza hiyo inahesabika hata dhidi ya shambulio lile lile. Kinga yake ni 13. Adui akipata 16, shemeji akaita Ngao, kinga inakuwa 18 na shambulio linakosa. Zamani nilikuwa natamka vyote kwa pumzi moja: "limekupata, umepoteza uhai 9." Shemeji akidai Ngao baada ya kusikia 9, tulikuwa tunagombana. Siku hizi nasema "limekupata", nanyamaza, namtazama. Akinyamaza naye, ndipo narusha dadu za madhara.

Kuvizia ndiko kulikotutesa kuliko vyote. Kwenye zamu yako unaweza kuacha kupiga sasa ukasema utapiga jambo fulani likitokea. Hapo mchezaji mwenyewe ndiye anayetunga sharti, na sharti hutungwa kwa -ki-: "zimwi likiingia mlangoni, nalipiga." Mwitikio huo huja mara baada ya jambo kumalizika, si kabla. Ile -ki- inasubiri -me-. Dada aliwahi kusema, "likivuta kengele, nampiga mshale." Zimwi likavuta. Kengele ikalia. Ndipo mshale ukatoka. Aliumia moyoni kweli, akaniambia nimemwonea, na siku ile sikuweza kumweleza kwa nini. Sasa ningemwambia atunge sharti la mapema: "likinyoosha mkono kuelekea kamba." Mkono umenyooshwa, kamba haijavutwa, mshale unaingia katikati. Tofauti yote ya usiku ule ilikuwa kwenye kitenzi alichokichagua.

Na kuvizia kuna gharama ambayo wengi hawaioni. Dada kwenye zamu yake hukata mara mbili kwa kitendo kimoja. Akivizia anapata pigo moja tu, kwa kuwa uwezo wa mara mbili ni wa zamu yake mwenyewe. Mjuzi akivizia na nguvu zake, nafasi ya nguvu, yaani moja ya mara chache anazoruhusiwa kuzitumia, inaliwa pale pale, na lazima ashikilie umakini hadi sharti litimie. Lisipotimia kabla ya zamu yake inayofuata, imepotea. Simshauri mtu avizie kila raundi.

Jambo lingine tulilokosea kwa muda mrefu ni lini mwitikio unarudi. Tulidhani unarudi raundi mpya inapoanza, kwa wote pamoja. Sivyo. Unarudi kwa kila mtu *zamu yake* inapoanza. Dada akiwa wa tatu kwenye foleni anaweza kupiga pigo la mlangoni kabla ya zamu yake, zamu ikaanza akarudishiwa, kisha akaitikia tena mwishoni mwa raundi ile ile. Kulikumbuka hilo kichwani kwa watu wanne na mazimwi sita hakuwezekani, kwa hiyo nikachukua kete za bao la marehemu babu. Kila mmoja ana kete moja mbele yake. Ukiitikia, unaisukuma katikati ya meza. Zamu yako ikianza, kabla hujasema neno, unaichukua. Mazimwi yangu nayo yana kete zao, na wachezaji wanaziona. Dada sasa anasubiri zimwi litumie kete yake ndipo apite karibu nalo bila woga. Kabla ya hapo hakuwahi kupanga hatua kwa namna hiyo.

Mdogo wangu alinifundisha la mwisho. Pigo la kunyemelea la mhusika wake, lile lenye madhara ya ziada, limeandikwa kwamba ni mara moja kwa *zamu*. Nilikuwa nalisoma kama mara moja kwa *raundi*. Akaniwekea kidole kwenye neno lenyewe. Maana yake ni kwamba akinyemelea kwenye zamu yake, kisha adui akamponyoka kwenye zamu nyingine, anaweza kunyemelea tena kwa mwitikio, kama masharti mengine yametimia. Alikuwa amelijua hilo wiki mbili, akisubiri niwe tayari kulisikia.

Mwezi ulipokuwa mpevu tena, niliandaa pambano juu ya meli. Kwa mtoto wa Kigoma meli ni moja, Liemba, iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916 na kuibuliwa mwaka 1924. Yangu ilikuwa ya kubuni, lakini korido nyembamba na ngazi za chuma nilizitoa kwenye kumbukumbu. Pahali pembamba panafaa sana kwa somo hili, kwa sababu hakuna wa kupita bila kumgusa mtu.

Raundi ya pili, shemeji akatupa mpira wa moto kwenye sitaha. Kiongozi wa mazimwi, naye mjuzi, akasukuma kete yake ili auzime. Nikasema polepole, "Anauzima." Nikanyamaza. Shemeji akatazama kete yake. "Shemeji, hii ni zamu yangu mwenyewe. Naruhusiwa kuitikia ndani ya zamu yangu?" Nilikuwa nimeliandika kwenye daftari: hakuna panapokataza. Akasukuma kete, akauzima uzimaji. Mpira wa moto ukapita, mazimwi manne yakateketea, na nafasi zake mbili za nguvu za daraja la tatu zikawa zimekwisha.

Zamu iliyofuata ilikuwa ya zimwi lililobaki, limebanwa kati ya shemeji na ukuta. Nikafungua mdomo. "Linatoka..."

Wote wakatazama mbele ya shemeji. Hapakuwa na kete. Zimwi likapita.