Baba na mpira wa kwenye tivii

Kiharusi kilimpiga baba upande wa kulia, upande wa mkono aliopigia dhumna barazani kwetu Tanga. Mguu ulipata nguvu mapema. Mkono ulining'inia tu, baadaye ukakaza na vidole vikajikunja.

Mtaalamu wa fiziotherapia, binti mmoja asiye na mzaha, alimpa kazi ya kuokota maharage na kuyatia kikombeni. Baba aliokota machache, akaisukuma sahani. "Mimi si mtoto wa chekechea."

Mwaka 2012 binamu yangu alikuja likizo kutoka Uingereza na Nintendo Wii kuukuu ya wanawe, mashine ya kuchezea michezo kwenye tivii. Ndani yake mlikuwa na mchezo wa kuviringisha mpira uangushe pini: unabana kitufe cha chini ya rimoti, unarudisha mkono nyuma, unaurusha mbele huku ukiachia kitufe. Hapo pa kuachia ndipo palipokuwa na kazi, maana vidole vya mwenye kiharusi hushika, kisha vikagoma kufunguka. Rimoti tulimfunga kiganjani kwa kipande cha kanga. Mara kitufe kikamponyoka mkono ukiwa bado nyuma, mpira ukaangukia kinyumenyume, na vile vikatuni kwenye skrini vikaruka kwa mshtuko. Wajukuu walicheka mpaka wakalala chini. Baba naye alicheka, kisha akasema, "Haya, tena." Alasiri nzima ikaishia hapo.

Yule binti alipokuja kumtazama, alikunja uso. "Mzee, unarusha kwa kiwiliwili. Bega limepanda, kiwiko hakinyooki." Kweli, mashine ile hupima mwendo wa rimoti tu, haijali kama ni mkono uliofanya kazi au mwili mzima umeyumba. Akamfunga kifua kwenye mgongo wa kiti kwa kanga nyingine. Pointi zikashuka, mjukuu akaanza kumshinda, na baba akanuna: "Huyu katumwa kunihujumu."

Umeme ulipokatika, na ulikatika mno, binti aliomba dhumna. Alizipanga mbali kidogo, ili mzee asizifikie bila kunyoosha kiwiko.

Mwaka 2016 jarida la Lancet Neurology lilichapisha utafiti wa wagonjwa 141 katika nchi nne. Waliocheza Wii hawakuwashinda wenzao waliocheza karata, bingo na mpira. Makundi yote mawili yalipata nafuu. Nilimweleza baba nikidhani atashangaa.

"Na hao wa karata," akauliza, "walikuwa wakicheza na nani?"