Faiba toka nyumba kubwa hadi kwa bibi

Jamani kama una nyumba mbili kiwanja kimoja, usipitishe waya wa neti wa shaba nje, vuta faiba (kebo ya uzi wa kioo inayopitisha neti kwa mwanga). Kwangu sababu kubwa ni radi, maana ikipiga hata jirani tu ule umeme unaingia kwenye shaba na kuunguza ruta huku na swichi kule, ila faiba ni kioo, haipitishi umeme (chukua isiyo na chuma ndani). Tena shaba mwisho mita 100, faiba ya singomodi (aina ya masafa marefu) inaenda kilomita kadhaa.

Sisi tulichimba mtaro, tukalaza bomba la plastiki na kuacha kamba ya kuvutia ndani. Kebo nunua yenye vichwa (plagi za mwisho) vilivyofungwa kiwandani, na bomba liwe pana kwa sababu kichwa ndo kinakwama kwenye kona, kona zenyewe zizunguke taratibu, ukiikunja sana mwanga unavuja. Vifuniko usivitoe mpaka unachomeka, vumbi dogo tu ni shida.

Kila mwisho unaweka konveta, kiboksi cha kubadilisha mwanga wa faiba kuwa neti ya waya wa kawaida. Zile za uzi mmoja (kutuma na kupokea kwenye uzi huohuo) huuzwa jozi ya A na B, moja inatuma mwanga wa nanomita 1310 nyingine 1550, ukichukua A mbili taa ya linki haiwaki ng'o.