Mwalimu, huyu ninyooshee

Kila mwaka usajili wa kipaimara (mafunzo ya vijana ya kuthibitisha imani yao kanisani) ukifunguliwa, lazima nimsikie mzazi mlangoni pa ofisi ya usharika: "Mwalimu, nimekuletea huyu. Ninyooshee." Kijana mwenyewe kasimama papo hapo, anasikia yote.

Leo jioni nilikuwa naandaa somo la amri ya nne, "Waheshimu baba yako na mama yako" (kwa jirani zetu Waanglikana ni ya tano, na kila mwaka kuna anayebishia hesabu). Somo hili liko kwenye Katekisimu Ndogo, kijitabu cha mafundisho ya imani. Aliiandika Martin Luther, mwanamageuzi wa kanisa, ikatoka mwaka 1529, baada ya kuzungukia sharika za Saksonia huko Ujerumani na kukuta watu hawajui hata Sala ya Bwana. Sehemu zake kuu zimeandikwa ili mkuu wa nyumba awafundishe walio nyumbani mwake. Mkuu wa nyumba! Sisi KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) tumemwachia mwalimu wa Jumamosi, mzazi kabaki na gauni jeupe na turubai la sherehe.

Binti yangu yumo darasani mwaka huu. Nikimuuliza kitu mezani ananirudishia: "Hilo swali ni la mama au la mwalimu?" Nami bado natafuta jibu.

Wanafunzi maswali yao huandika kwenye vikaratasi, bila majina. Kimoja kimenikalia tangu juma lililopita: "Baba akilewa akatutukana, amri ya nne bado inanihusu?" Nitawaambia waziwazi kwamba kumheshimu baba si kuyaita matusi yake malezi, na kwamba nyumba ikiwa si salama, kumwambia mtu mzima unayemwamini si dhambi. Halafu tutafungua Wakolosai 3. Mstari wa 20, watoto watiini wazazi, wanaukariri wakiwa Sunday school. Wa 21 uko chini yake tu: "Ninyi akina baba, msiwachokoze watoto wenu, wasije wakakata tamaa." Huo sijamsikia mzazi akiunukuu, hata pale mlangoni.

Basi nimewaandikia wazazi: Jumamosi ijayo waje, wakae kwenye madawati na watoto wao, tusome mistari yote miwili. Vijana wana furaha ambayo kwa kweli inanitia wasiwasi. Majibu yameanza kuingia kwenye simu. Akina mama wengi watakuja. Baba mmoja amesema ameubariki sana mpango huu, na atamtuma mkewe.