Mtepe wangu na kadi ya wati 75

Jumamosi, 8 Novemba 2025

Picha moja, dakika 52. Niliiacha kompyuta ipike, yaani iihesabu picha mpaka itoke, baada ya adhana ya adhuhuri, nikaenda kusali, nikarudi, nikala, nikajinyoosha kidogo, na nilipoamka bado inapika. Na picha yenyewe ni ya ubavu wa chombo tu, wala si chombo kizima.

Mradi ni mtepe. Ninauunda ndani ya Blender, programu ya kuchonga vitu kwenye skrini, ubao kwa ubao: vile vyombo vya zamani vya pwani yetu vilivyoshonwa kwa kamba za makumbi bila ya msumari hata mmoja, tanga lake mkeka wa pembe nne, omo yake, yaani sehemu ya mbele, imeinuka kama shingo ya ngamia. Nilipokuwa mwanafunzi tulipelekwa Unguja tukauona ule uliojengwa upya na kuwekwa ndani ya Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu. Sehemu ya jumba lile ilipoporomoka tarehe 25 Disemba 2020, hamu ya kuwa na mtepe wangu ikanikaa, hata kama ni wa kwenye skrini. Tabu ya chombo cha kushonwa ni kuwa kina mishono maelfu, kila mshono ni kamba, na kila kamba ina nyuzi zake zilizosokotwa. Yote hayo kompyuta yangu inayahesabu kwa prosesa peke yake.

Mashine ni Dell OptiPlex 9020 ya mtumba, lile kasha la kusimama, prosesa Core i5-4570 ya mwaka 2013, RAM GB 16. Grafiki ni Intel HD 4600 iliyomo humo humo ndani ya prosesa. Windows 10 ilipofikia mwisho wake tarehe 14 Oktoba nilikuwa nimeshahamia Linux Mint, mfumo wa bure. Kwa kazi za skuli, kutunga mitihani na kuchapisha alama, sina la kuilaumu. Kwa mtepe inataka kadi ya grafiki, ya kuhesabu picha badala ya prosesa.

Jumanne, 11 Novemba

Nilianza pale wanapoanza wengi, yaani vibaya: kwa kuuliza kadi gani ni nzuri. Muuzaji mmoja wa Unguja akanitumia picha ya RX 580 ya GB 8 kwa bei iliyonifanya nisome ujumbe mara mbili. "Maalim, hii mnyama. Chukua, hutajuta."

Usiku nikalifungua kasha. Pawasaplai, kile kisanduku cha kugawa umeme, imeandikwa wati 290, na haina ule waya wa pini 6 wala wa pini 8 wa kulishia kadi. Nikachukua kalamu. RX 580 inakula hadi wati 185, prosesa yangu 84. Jumla 269, na hapo sijaihesabu madabodi (ule ubao mkuu), diski, feni wala RAM. Nilipomwambia, akanijibu kuwa ipo plagi ya kubadilisha, unachukua umeme kwenye waya wa diski za SATA. Nikaifanyia hesabu hiyo nayo. Plagi ya SATA ina pini 3 za volti 12, kila moja ampea 1.5, kwa hiyo wati 54. Plagi ya pini 8 ya kadi imekusudiwa wati 150. Huko ni kumtwisha punda mzigo wa gari, na nyumba yetu paa lake la makuti.

Kubadilisha pawasaplai nzima nimekufikiria. Kwenye OptiPlex hii madabodi haichukui ile plagi ya kawaida ya pini 24, ina plagi yake ya pini 8, kwa hiyo ningehitaji pawasaplai mpya pamoja na waya wa kubadilishia. Gharama yake inakaribia ya kadi yenyewe. Nimeacha.

Basi swali limegeuka. Si tena kadi gani nzuri, ni kadi gani inatosheka na umeme wa kwenye sloti yenyewe, pale kadi inapochomekwa, ambao kwa PCI Express ya x16 ni wati 75 basi. Orodha ndefu imekuwa fupi ghafla.

Jumamosi, 15 Novemba

Mvua ya vuli imetufungia ndani, nimepata siku nzima ya kusoma.

Nilichokigundua ni kuwa jina la kadi halikuambii unanunua nini. Sisi wa Pemba jambo hili tusingehitaji kufundishwa: gunia limeandikwa karafuu, ukilimwaga kwenye jamvi nusu makonyo, vile vijiti vyake. GT 1030 kwa mfano. Ya mwaka 2017 ina kumbukumbu ya GDDR5. Mwaka 2018 ikatoka nyengine yenye DDR4, jina lile lile, mwendo wa kobe. Zote mbili ni GB 2, kwa mtepe wangu hazifai, nimezipita. RTX 3050 nayo: ya GB 8 inakula wati 130 na inataka waya wake, ya GB 6 iliyotoka Februari 2024 inakula 70 na haitaki waya wowote. RX 580 ndiyo kabisa, ipo iitwayo 2048SP ambayo ndani yake ni sawa na RX 570.

Zilizobaki mezani ni nne.

GTX 1050 Ti ya mwaka 2016, GB 4, wati 75. Rahisi kuipata, na fundi wetu wa Chake anaipenda. Tatizo ni umri: draiva (programu za kuiendesha kadi) za kawaida za kizazi chake, Pascal, zimekoma mwezi uliopita, zilizobaki ni za kuziba mianya ya usalama tu mpaka Oktoba 2028. Kununua leo kitu ambacho jana kimeagwa, moyo haukunipa.

RX 6400 ya mwaka 2022 inakula wati 53 tu, na hilo limenivutia sana. Lakini inazungumza na madabodi kwa njia 4 badala ya 16. Kwenye mashine mpya za PCI Express 4.0 njia hizo hupitisha kama GB 8 kwa sekunde, kwenye yangu ya 3.0 ni kama 4. Picha ikitosha ndani ya kumbukumbu ya kadi hutaona tofauti kubwa. Ikifurika, ndipo utaona. Mimi na mishono yangu, kufurika ni lazima.

RTX 3050 ya GB 6 ndiyo ninayoitaka. Wati 70, kumbukumbu zaidi, na ina vipande maalumu vya kuhesabu miale ya mwanga ambavyo Blender inavitumia. Bei yake ni karibu mara mbili ya inayofuata, na mke wangu ana orodha yake ambayo haina kadi ya grafiki.

Inayofuata ni GTX 1650. Aprili 2019, kizazi cha Turing, GB 4, wati 75, draiva zake zinaendelea. Ndiyo hiyo.

Alkhamisi, 20 Novemba

Mtoto wa ami yangu anasoma Unguja. Nimempa kazi ya kuzunguka Darajani na Mlandege, naye anaifanya kwa bidii ya mtu aliyeahidiwa nauli ya kurudi nyumbani likizo.

Ya kwanza aliyoipata ilikuwa na tundu la pini 6 juu yake. "Kaka, si ulisema 1650? Hii hapa 1650." Kweli ni 1650. Viwanda vyengine huisukuma kidogo kupita wati 75 na kuiwekea tundu la waya, na bila ya waya huo haiwaki. Nikamwambia aiache, muuzaji akamwona hajui anachokitaka.

Ya pili, duka jengine, haina tundu. Nikamwomba asiondoke na kitu mpaka iwekwe kwenye kompyuta ya dukani na kufunguliwa GPU-Z, programu ya kuitambua kadi. Zipo kadi za zamani kama GTS 450 zilizobadilishwa maandishi ya ndani zikajitambulisha kuwa 1050 Ti, kibandiko kipya juu, na programu hiyo mara nyingi huzikamata na kuziandikia kuwa ni bandia. Yetu ikasoma TU117, ndiyo chipu ya 1650, viini 896, kumbukumbu GDDR6. Nikamwambia pia aangalie bisibisi ziliwahi kupita wapi, na feni aizungushe kwa kidole. Nilikuwa na hofu ya kadi zilizochimba sarafu za mtandaoni. Ethereum, moja ya sarafu hizo, ilipoacha kuchimbwa Septemba 2022, nyingi zilimwagwa sokoni zikiwa zimechoka. Ingawa kwa GB 4 na mwendo wake, 1650 haikuwa chaguo la wachimbaji. Akalipa.

Jumatano, 26 Novemba

Kadi imeshuka Mkoani kwa meli ya asubuhi, ikapanda daladala, ikafika Wete mchana imefungwa ndani ya kanga ya shangazi. Ufungaji bora sijapata kuuona.

Kabla ya kuiweka nilisafisha. Dirisha langu linaangalia bahari, na kusi yote ile inaleta chumvi ndani. Meno ya dhahabu ya kadi nikayapitishia raba safi ya penseli, kisha pamba yenye spiriti, sloti nikaipulizia. Ndani ya kasha nilitoa vumbi la kujaza kikombe. Kadi ikaingia, ikalia ta, nikafunga skrubu, nikainua waya wa monita.

Waya wa monita ni VGA, wa kizamani. Kadi ina HDMI, DisplayPort na DVI. Wiki mbili za hesabu za wati na njia na viini, na hilo la wazi kuliko yote halikunipitia akilini! Tena plagi ya bei rahisi ya kugeuza DVI kuwa VGA haisaidii, maana tangu kizazi cha Pascal kadi za Nvidia hazitoi tena mawimbi yale ya zamani. Inatakiwa ile yenye chipu ndani. Nikakaa nikaitazama kadi, kadi ikanitazama.

Jumamosi, 29 Novemba

Kibadilishi cha DisplayPort kuwa VGA kimepatikana Chake. Imewaka. Draiva Mint yenyewe ilinipendekezea, nikabonyeza, nikawasha upya, basi.

Ubavu ule ule wa mtepe, dakika 8.

Joto limefika nyuzi 71 na madirisha wazi. Kaskazi ikikaza nitaliangalia tena. Umeme nao huku hulegea wakati wa magharibi, kila nyumba ikiwasha. Tunashukuru hata hivyo: kabla ya waya wa chini ya bahari kutoka Tanga mwaka 2010 tulikuwa mikononi mwa majenereta ya Wesha. Nimeweka stebilaiza, na baina ya magharibi na isha sipiki kitu.

Jumamosi, 6 Disemba

Chombo kizima kikagoma. Kumbukumbu ya kadi imejaa, Blender ikaniambia hivyo bila ya huruma. Kwa saa moja nilijuta kuhusu ile ya GB 6.

Kisha nikaona kosa ni langu. Kila mshono nilikuwa nimeunakili kamili, na nyuzi zake zote, kwa hiyo kadi ilikuwa ikibeba kamba ile ile mara elfu kadhaa. Nimeifuta yote. Sasa ziko kamba 6 tu, zimetofautiana kidogo, na mishono yote ni vivuli vya hizo sita, imegeuzwa na kusogezwa. Kumbukumbu imeshuka chini ya GB 3, na picha ya mtepe mzima kwenye maji imetoka kwa dakika 19.

Nikamwita bibi aje aone. Bibi amesokota kamba tangu utotoni. Makumbi ya nyumba hii ameyafukia pwani kwenye tope kwa mikono yake na kuyafukua miezi baadaye. Akaisogelea skrini, akavaa miwani, akakaa kimya muda.

"Chombo kizuri, mjukuu wangu. Lakini kamba hii haijafukiwa."

Kweli, imekuwa nyekundu mno na inang'aa kama nailoni. Amenipa kipande cha kamba yake, kiko mezani kinanuka tope la pwani. Asubuhi jua likiwa bado la pembeni nitakipiga picha.