Aliyetua wa mwisho anaweza kuwa ndiye mshindi

Kwenye Air Race Classic, mashindano ya marubani wanawake huko Marekani, kujua nani katua wa kwanza hakukusaidii kitu. Kila ndege ina hendikapu yake, yaani mwendo inaotarajiwa kufikia, na pointi hupatikana kwa kutoa hendikapu hiyo kwenye wastani wa mwendo juu ya ardhi. Ndege ya hendikapu ya maili 130 kwa saa ikipata wastani wa 138, ina pointi 8. Ya hendikapu ya 190 ikipata 194, ina 4 tu, hata kama rubani wake keshakunywa chai akisubiri wenzake.

Wengi huteleza kwenye wastani wenyewe. Usichukue mwendo wa kila kipande cha safari, ukajumlisha na kugawanya. Gawanya umbali wote kwa muda wote. Chukua maili 240 za kwenda, upepo ukisukuma, kwa mwendo wa 160. Kisha 240 za kurudi, upepo ukikabili, kwa 120. Jibu si 140. Kwenda ni saa 1.5, kurudi saa 2: maili 480 kwa saa 3.5 ni 137.1. Upepo haurudishi ulichokunyang'anya, maana unakaa muda mrefu zaidi ukipambana nao kuliko ukibebwa nao.

Muda nao una mtego. Saa 1 na dakika 45 ni 1.75, si 1.45. Kwa maili 210, kosa hilo hugeuza 120 kuwa karibu 145! Afadhali ufanye hesabu yote kwa sekunde, kisha uzidishe kwa 3,600.

Saa husimamishwa ndege inapopita juu ya mstari wa muda, si magurudumu yanapogusa ardhi. Umbali unaohesabiwa ni ule rasmi wa njia, si uliozunguka wewe. Ukipinda maili 5 za ziada kwenye kipande cha 300 kwa mwendo wa 150, unaongeza dakika 2 na wastani unashuka hadi 147.5.

Hakikisha pia vipimo vinalingana: noti 1, kipimo cha mwendo kinachotumiwa na marubani na mabaharia, ni maili 1.15 kwa saa. Na usikadirie sekunde. Kwenye maili 60 kwa mwendo wa 150, sekunde 10 pekee ni takriban maili 1 kwa saa.