Siku moja maishani mwangu: fundi mitambo ya muziki, harusi ya Jumamosi

Saa 2 asubuhi nipo stoo Magomeni na dogo wangu wa kazi, tumemwaga waya zote sakafuni tunapima mmoja mmoja. Watu wengi wanadhani kazi ya fundi mitambo inaanza usiku pale unapotuona tumekaa nyuma ya miksa tunashikashika vitufe, yani kama tunacheza, kumbe harusi ya leo mi nimeanza nayo tangu jana usiku. Waya za maiki 28, mbili zimekufa, moja imekatikia ndani ya plagi kabisa nje huoni kitu, nimezilehemu zote mbili. Maiki zisizo na waya naziwekea betri mpya, hata kama za wiki iliyopita bado zina chaji sizitaki, kwa sababu betri huwa haifi MC akiongea upuuzi, inakufa baba wa bibi harusi akisimama na karatasi yake mkononi na machozi yanamlenga.

Saa 4 tumepakia kirikuu mbili. Spika za juu 4, sabwufa 4, monita 5 (zile spika za jukwaani za wanamuziki kujisikia wenyewe), amplifaya, miksa, stendi, dramu na tumba za bendi. Sabwufa moja inabebwa na wanaume wawili na bado utaisikia mgongoni keshokutwa. Kawawa, Morocco, Mwenge foleni kama kawaida, tukafika ukumbini Mbezi Beach saa 6 na nusu.

Makubaliano yalikuwa hivi: saa 7 nakabidhiwa jukwaa, saa 9 bendi inafika, saa 9 mpaka saa 10 tunapima sauti, saa 12 wageni wanaanza kuingia. Ipo kwenye meseji, katibu wa kamati kajibu "sawa fundi".

Naingia ukumbini, jukwaa lote ni ngazi, vitambaa, maua, mabomba ya chuma na vijana kama sita wamepiga magoti wanafunga vitu. Nikamsalimia dada mpambaji, nikamwambia dada pole na kazi, jukwaa mnaniachia saa ngapi, akasema "kaka nipe muda kidogo tunamalizia." Hiyo kidogo ilienda mpaka saa 11 kasorobo jioni.

Nataka nilielezee hili vizuri maana ndio linaniumiza kuliko yote. Masaa manne karibu nimekaa kwenye viti vya plastiki nje na mitambo kwenye gari, jua linapiga, bendi imefika saa 9 kwa wakati, wanamuziki watu wazima kabisa, mzee wetu wa tumba ana miaka zaidi ya sitini, wamekaa chini ya mwembe na magitaa yao. Na kila nikiingia ndani kuomba angalau kona moja nianze kupanga naambiwa subiri. Nikampigia katibu hapokei. Nikampigia mwenyekiti akasema "elewaneni tu hapo ndugu zangu, wote ni watu wa kazi."

Na ndivyo ilivyo, yule dada ni mtu wa kazi. Tulivyokuja kuongea vizuri akanambia na yeye ameahidiwa ukumbi tangu jana usiku, kaja kakuta kuna sherehe nyingine, kaingia saa 5 asubuhi hii, na vijana wake hawajala. Kwa hiyo sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na kamati, imekaa vikao miezi mitatu, sare imejadiliwa, keki imejadiliwa, rangi ya vitambaa vya viti imepigiwa kura, afu hakuna hata mtu mmoja aliyesimama kuuliza jukwaa anaanza nani anamaliza nani na kila mmoja anahitaji masaa mangapi.

Tulipoanza kupanga ndio likaja la spika. Dada anataka spika ziende nyuma ya pazia la jukwaa kwa sababu zinaharibu picha. Namuelewa, spika nyeusi kubwa pembeni ya maua meupe haipendezi. Nikamweleza taratibu, dada, maiki za waimbaji zikiwa mbele ya spika, maiki inasikia spika, inaipelekea tena spika, spika inaitoa kubwa zaidi, maiki inaisikia tena, inazunguka hivyo hivyo ndani ya sekunde unapata ule mluzi unaofanya watu wazibe masikio. Kwa hiyo spika lazima ikae mbele ya waimbaji, sio nyuma. Na zile sauti nyembamba, za herufi kama s na t zinazokufanya uelewe mtu kasema nini, hazipiti kwenye kitambaa kizito cha velveti. Besi itapita, maneno yatabaki nyuma ya pazia. Tukakubaliana kitambaa chepesi pembeni tu, mbele wazi. Akaniwekea vasi za kioo za maua juu ya sabwufa, nikaziondoa, nikageuka kufunga waya narudi nakuta kijana wake kazirudisha. Ikabidi nimuite aweke mkono juu ya sabwufa afu nikapiga besi kidogo. Akazichukua mwenyewe bila kusema neno.

Afu umeme. Taa za mapambo zote zimechomekwa soketi moja na ya jukwaa, nikiwasha tu mitambo spika zinavuma mmm, mvumo mzito hauondoki. Ilibidi dogo avute waya mrefu mpaka jikoni kuchukua laini nyingine, na nafundisha vijana siku zote kwamba waya wa umeme na waya wa maiki havilazwi pamoja ubavu kwa ubavu, vikikutana vikatizane msalaba vipite.

Tumemaliza kufunga saa 12 kasoro dakika 25. Wageni wa mwanzo washaanza kukaa. Wanamuziki 11, dakika 25, na watu wanatuangalia. Nimepata dramu, nimepata waimbaji, kinanda nusu, monita sijazigusa kabisa, ikawa basi, mama mmoja wa kamati kaja anasema "baba hizo kelele za hodi hodi moja mbili zinatosha, wageni wanakaa." Shikamoo mama, nikazima.

Na ukumbi mtupu na ukumbi uliojaa sio ukumbi mmoja. Watu wenyewe na nguo zao wanameza sauti, hasa zile za juu, kwa hiyo hata ulichopanga mchana unakianza upya usiku. Sasa ambaye hukupanga kabisa je.

Usiku ukaanza. Maharusi wameingia vizuri, wimbo wa kuingilia nilitumiwa kwa WhatsApp saa 1 na robo, umeshabanwabanwa mpaka unakwaruza, nikausafisha nilivyoweza. MC kijana mzuri ana maneno, sema anashika maiki kwa kukikumbatia kichwa chote kama mtu anayekunywa togwa, kama wale wa kwenye video za rap. Nyuma ya kile kichwa cha maiki kuna matundu, yale matundu ndio yanaifanya maiki isisikie mambo ya nyuma yake, ukiyaziba kwa kiganja maiki inaanza kusikia ukumbi mzima pamoja na spika zangu. Mluzi. Watu wote wanageuka kuniangalia mimi. Nikapunguza, MC anasema hewani "fundi mbona maiki inakufa?" Nikaongeza, mluzi. Afu akashuka anatembea mpaka mbele kabisa ya spika kuwahoji wageni. Nikamtuma dogo akamuombe ashike kwenye mpini na asivuke zulia, kamwambia kwa heshima kabisa, akajirekebisha dakika tano.

Baada ya hapo sikuangalia tena saa vizuri. Nakumbuka mzee wa meza ya mbele, alikuja mara nne. Mara ya kwanza "kijana punguza." Nikapunguza. Hajafika kitini wamekuja vijana watatu wa upande wa bwana harusi, "fundi ongeza bwana, huku nyuma tunasikia mwangwi tu." Mara ya pili mzee kaja, "kijana, nimeomba kwa adabu." Mara ya tatu kaja na mwenyekiti wa kamati. Na huyo mwenyekiti akasema mbele za watu kwamba mimi ndio nitawaharibia shughuli.

Hapo roho iliniuma sana, kwa sababu yule mzee alikuwa sahihi na vijana walikuwa sahihi na aliyekosea ni aliyeweka meza ya wazee mita mbili kutoka kwenye spika. Ninacho kifaa cha kupimia kelele, nimekinunua kwa hela yangu. Nikaenda nacho mpaka kwenye ile meza, decibel 101, decibel ndio kipimo cha ukubwa wa sauti. Nikaenda meza za mwisho, 86. Kwa vipimo vya wataalamu wa afya kazini wa Marekani, decibel 85 unaweza kukaa nayo masaa nane, kila ikipanda 3 muda unakatwa nusu, ukifika 100 ni dakika 15 tu. Sasa mzee wa watu kakaa hapo tangu saa 2. Nikamuonyesha mwenyekiti ile namba, nikamwambia mzee wangu, nikipunguza kwa ajili ya meza hii nyuma hawasikii kitu, nikiongeza kwa ajili ya nyuma hawa wanaumia masikio, naomba wahudumu wanne tuzihamishe meza mbili hizi ziende upande wa keki. Alikataa kwanza, eti itifaki. Mara ya nne mzee mwenyewe ndio kasimama kasema mi nahama. Zikahamishwa, nikageuza spika kidogo zitazame katikati ya ukumbi, na tangu hapo hakuna aliyekuja tena kuniambia punguza. Dakika kumi za kazi, ambazo ningezifanya saa 9 mchana kama ningekuwa ndani.

Kumbuka na monita sikuzipima. Mpiga gitaa la solo hajisikii, kapandisha amplifaya yake, ile ya gitaa yenye spika ndani. Mpiga besi kamsikia mwenzake kapanda, na yeye kapanda. Kinanda kapanda. Waimbaji sasa hawasikii sauti zao wanapiga kelele mpaka mishipa ya shingo inatoka, wananionyesha kidole juu, juu, niwaongezee, na monita nikiongeza nukta moja inapiga mluzi. Ikifika hapo mi sina tena ninachochanganya, jukwaa limeshanizidi nguvu, feda ya gitaa, kile kitelezi cha sauti kwenye miksa, nimeishusha mpaka chini kabisa na gitaa bado linajaa ukumbi. Wimbo ulipoisha nikapanda jukwaani mwenyewe, nikainamisha ile amplifaya ya solo imtazame usoni maana ilikuwa inampiga magotini, nikamwambia kaka jisikie hapo. Akashusha mwenyewe nusu. Basi wote wakashuka.

Mengine nayataja tu. Chupa za soda juu ya boksi la amplifaya. Mtoto anachomoa waya. Shemeji mmoja anataka kuimba na bendi, hajui anaimba sauti gani. Chakula chetu kimekuja saa 5 usiku, wali wa chini ya sufuria, bila nyama, na nimekula nimesimama jicho likiwa jukwaani.

Afu umeme ukakatika. Sebene limekolea, mabibi wameshika vitenge wanazunguka maharusi, ukumbi mzima uko miguuni, puu, giza. Cha kwanza mkono wangu ulichofanya ni kuzima amplifaya zote, maana umeme ukirudi kwa kishindo na zimewaka unaweza kuunguza spika zote kwa mpigo mmoja. Najua hapo watu wanalaumu fundi, nasikia "fundi vipi" kutoka kila kona. Ila mzee wa tumba hakuacha. Hakuacha hata pigo moja. Mpiga dramu akamfuata, waimbaji wakaja mbele ya jukwaa bila maiki wakaimba kwa vifua vyao, wamama wakaitikia, vigelegele, watu wanawasha tochi za simu, harusi ikaendelea hivyo gizani na ngozi na sauti za watu peke yake. Jenereta likawaka, miksa inachukua karibu dakika nzima kujiwasha, nikaisubiri, nikafungua amplifaya, nikashika feda zote chini, nikaanza kuwaingiza mmoja mmoja polepole juu ya lile pigo la tumba, besi, kinanda, sauti, mwisho solo. Hakuna aliyejua imeingia saa ngapi, walishtukia tu muziki umejaa. Mi nilijua. Nilisimama pale nyuma machozi yamenitoka, sijui ni uchovu.

Tumemaliza saa 8 usiku. Kukunja waya peke yake ni saa nzima, kila mmoja unauzungusha kwa mkono, mzunguko mmoja ndani mmoja nje, usipofanya hivyo unajisokota na ndani unakatika, afu Jumamosi ijayo utapiga kimya. Nimehesabu, 28 zote zipo. Mhazini kashaondoka na salio letu, nimeambiwa Jumatatu. Dada mpambaji na yeye alikuwa bado anashusha vitambaa vyake, tukasaidiana ngazi, nikachukua namba yake.

Magomeni tumeingia adhana ya alfajiri inalia. Masikio yanapiga wiii, nimelala mpaka saa 6.

Nilipoamka kabla hata ya chai niliandikia kamati ya Jumamosi ijayo, ya huko Tabata, meseji moja: naomba kujua jukwaa nakabidhiwa saa ngapi, mimi nahitaji masaa matatu, na bendi ipimwe sauti kabla mgeni wa kwanza hajaingia. Wakajibu mpambaji bado hawajapata. Nimewatumia namba ya yule dada.